Kengele Ndani ya Debe

Kila siku jua la Garissa lilipoanza kulegea, watu wakiwa wametoka kuswali Alasiri, Mama Osob aliinuka mkekani, akajitanda shuka yake, akashika fimbo na kwenda kutafuta ngamia.

Ngamia wenyewe hawakuwako. Walikuwa wamekwisha zamani, kule Eldas, ukame ulipowapukutisha mmoja mmoja mpaka boma likabaki miiba mitupu, na yeye akaletwa mjini kuishi na binti yake Habibo. Lakini hayo alikuwa ameyasahau. Uzee ulimwingia kichwani ukabeba ulichotaka na kuacha ulichotaka. Ulibeba jina la mtaa, ulibeba nyuso za majirani, siku nyingine ulibeba hata jina la Habibo aliyekuwa akimwogesha na kumlisha. Na tena ulibeba msiba wa Hanad. Hilo Habibo alilishukuru kimoyomoyo, ingawa aliona haya kulishukuru.

Hanad alikuwa kifungua mimba wa Mama Osob, na ndiye aliyechunga. Aliugua malishoni mwaka uleule wa ukame, akafa njiani akipelekwa hospitali. Mama yake alimlilia mpaka sauti ikamkauka. Sasa alikuwa hamtaji kabisa, wala haulizi aliko. Alichouliza ni ngamia tu, na Habibo akajiambia kwamba afadhali ngamia.

Afadhali hiyo nayo ilikuwa na shida zake. Mama Osob hakuwa mtu wa kuzunguka uani akarudi. Alishika barabara ya kaskazini, ile ya malori, na macho yenyewe yalikuwa na mtoto wa jicho, gari halioni mpaka limpulizie vumbi usoni. Juzi tu walimpata kwenye kizuizi cha polisi, ameketishwa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa soda.

"Mathe anasema anaenda Eldas," afande alimwambia Habibo, akicheka kidogo. "Nikamwambia hiyo ni mbali hata kwa basi. Akaniuliza kama nimeona ngamia zake zikipita."

"Samahani sana afande. Huyu mama yangu. Kichwa yake nachoka, yeye nafikiri ngamia bado iko."

"Si umfungie geti?"

"Nikifunga, yeye nabiga mlango na mawe mbaka mkono natoka damu. Nitafanya nini?"

Afande akamsaidia kumpandisha mzee kwenye tuktuk. Hicho ndicho Kiswahili cha Habibo, cha sokoni na cha maafande. Kwa Kisomali, lugha ya nyumbani, ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe, na jioni ile aliuhitaji, maana kaka yake Yakub alikuwa ameshapata habari.

Yakub alikuwa na kazi ya ofisi na nyumba ya ukuta mrefu upande wa pili wa mji. Alifika na shati lake la mikono mirefu, akakataa chai, akasema alichokuja kusema. Mama akitoka tena, anamchukua. Kwake kuna chumba chenye mlango wa chuma, na daktari amesema kuna vidonge vya kumtuliza.

"Vidonge vya kumlaza," Habibo alimsahihisha.

"Unataka alazwe na lori?"

Hapo wembe ulikosa cha kukata. Kweli hakutaka alazwe na lori. Wala hakutaka mama yake, mwanamke aliyelala maisha yake yote penye upepo, amalizie siku zake nyuma ya mlango wa chuma akimeza usingizi kwa vidonge. Na zaidi ya yote Habibo alikuwa amechoka, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao. Aliachika mapema, hakuzaa, kwa hiyo ukoo mzima uliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba mzigo wa mama ni wake. Hakuna aliyemuuliza. Yeye naye hakujiuliza, mpaka siku hizi.

Yakub alipoondoka, Habibo alikaa mkekani karibu na mama yake.

"Hooyo, kwa nini hutulii? Ngamia si wanarudi wenyewe jioni?"

"Watarudi vipi na sisikii koor?" Mama Osob alimtazama kama mtu anayetazama mgeni asiye na akili. "Ningeisikia koor ya Guduudo ningekaa. Mtu anakaa vipi na jioni imefika na kengele haijasikika?"

Koor ni ile kengele ya mti inayofungwa shingoni mwa ngamia, nazo hazilii mbili zikafanana. Kila familia inaijua yake, mtoto mdogo anaijua yao toka mbali kabla hajaona mnyama. Guduudo, yule jike mwekundu aliyewatangulia wengine, aliuzwa mwishoni kabisa, na kengele yake ikaenda naye shingoni. Hakuna aliyefikiria kuifungua.

Habibo alifanya ambalo yeyote angefanya: alikwenda soko la mifugo akanunua koor. Jioni akaitikisa nyuma ya ukuta wa mabati. Mama Osob alisikiliza, akasema, "Watu wengine wamepita na ngamia wao," akachukua fimbo yake.

Basi akakumbuka lile debe.

Habibo alikuwa fundi wa redio na simu, mwenye kibanda kando ya soko, na huko nyuma mzee mmoja aitwaye Deeq alimletea kinanda kibovu kutoka Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi. Deeq alikuwa mpiga kinanda wa bendi huko Mogadishu enzi za ujana wake, na alikimbia vita na kinanda kile juu ya punda, watu wengine wakibeba magodoro. Sintesaiza, ndivyo alivyokiita, akilitamka jina taratibu kama jina la mke. Hakikuwa kama vinanda vya harusi vya siku hizi, ambavyo sauti zote zimerekodiwa humo ndani na mtu anachagua tu. Hiki kiliitengeneza sauti palepale kutokana na mvumo wa umeme. Ungezungusha kifundo hiki mvumo ukawa mnene, ukazungusha kingine ukachujwa makali yake, kingine kikaamua sauti ife mara moja au ife polepole. Kilitoa nyuki, kilitoa upepo, kilitoa mwanamke anayeguna kwa mbali. Habibo alikitengeneza, na Deeq akamfundisha kila kilichokuwa ndani yake. Kwa muda mrefu baada ya hapo Habibo alijitengenezea chake mwenyewe, kwenye debe la mafuta ya kupikia, kwa vipande alivyochomoa kwenye redio na televisheni zilizokufa. Hakuwa na sababu. Alipenda tu kukisikia kikivuma mchana kibandani wakati wateja hawaji. Mama alipozidiwa, Habibo alikisukuma chini ya meza, na vumbi likakikalia.

Alikipeleka nyumbani, akakiunganisha na betri ya sola na spika ya redio ya zamani, akakaa na mama yake asubuhi kwenye kivuli cha banda. Akaanza kutafuta kengele ya Guduudo kwa kuzungusha vifundo.

"Hiyo ni sufuria," alisema Mama Osob.

Akapunguza makali.

"Hiyo ni mlango wa duka."

Akaifanya sauti ife haraka.

"Huyo mbuzi. Tena mbuzi mgonjwa."

Habibo alicheka, na kucheka kwenyewe kukamshangaza, kwa jinsi kulivyokuwa kumepotea. Mama yake, ambaye asubuhi ileile alikuwa amemuuliza yeye ni binti wa nani, kwa kengele hakukosea hata kidogo. Mti umelowa, alisema. Mti mwepesi mno. Sasa huo mti ndio, ila ulimi wake, kile kijiti kinachogonga ndani, ni mmoja, na kengele ya Guduudo ilikuwa na ndimi mbili, zikigombana. Habibo akaongeza mvumo wa pili, akauweka karibu na wa kwanza bila kuufananisha nao, na zile sauti mbili zikagombana ndani ya debe: kodok, kodok.

Walikaa hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Kibanda cha sokoni kilikaa kimefungwa na wateja wakalalamika. Mpaka ikafika siku Mama Osob aliacha kukosoa. Mkono ulimwendea kifuani.

"Guduudo," alisema.

Habibo akaweka alama kwa kalamu kwenye kila kifundo, akazima. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua kuni. Jioni alificha spika nje ya geti, chini ya miiba ya uzio, akavuta waya mpaka kwenye debe alilolificha nyuma ya banda la mabati. Mama Osob alipoinuka na fimbo yake, Habibo aliwasha.

Kengele ililia. Mama Osob alisimama akasikiliza. Kisha akatikisa kichwa.

"Si wetu," akasema, akatoka.

Habibo hakuamini. Alitazama vifundo, vyote vilikuwa kwenye alama. Akasikiliza mwenyewe, naye akasikia: sauti ilikuwa imepanda, imekuwa nyembamba, na zile ndimi mbili zilikuwa zimekimbiana. Alifunga macho kwa hasira. Jambo hili Deeq alikuwa amemwambia siku ya kwanza kabisa, na yeye fundi mzima amelisahau kwa uchovu. Vyombo vya namna hii vina homa. Joto likipanda navyo vinapanda. Alikuwa ameitafuta kengele kwenye ubaridi wa asubuhi, kisha akaliacha debe la bati liive mchana kutwa kwenye jua la Garissa.

Alipomfikia mama yake, mzee alikuwa katikati ya lami na lori la ng'ombe limesimama mbele yake, dereva amechomoa nusu ya mwili dirishani akitukana. Na ndani ya gari dogo lililokwama nyuma ya lori lile alikuwamo Yakub, akitoka kazini.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele Habibo angejibu. Alimpandisha mama garini, akawarudisha nyumbani, akasimama getini akitazama waya na spika chini ya miiba.

"Hiki ni nini?"

Habibo akamweleza.

"Mama anapotea, na wewe unacheza vinanda," Yakub alisema. "Halafu ni uongo, Habibo. Unamdanganya mama yako mzazi."

"Na vidonge vitamwambia ukweli?"

"Kesho kutwa ni Ijumaa. Nikitoka kuswali nakuja na gari. Mfungashie nguo."

Alikuwa na machozi, Yakub. Habibo aliyaona, na hilo likamuumiza kuliko maneno, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kumchukia.

Siku iliyofuata alimpigia Deeq simu Hagadera. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mogadishu, alisema, upepo wa bahari ulikipoza kinanda, hakuwahi kujua kama kina wazimu. Wazimu ulianzia kambini.

"Sasa mlikuwa mnafanyaje?"

"Wewe maji yako ya kunywa unayapozaje?"

Habibo alitazama jerikeni iliyokaa kivulini, imeshonewa gunia, gunia limelowa, kama jerikeni za kila nyumba toka Garissa mpaka Mandera. Alijipiga kibao kwenye paji la uso. Akalifunga debe kwa nailoni ili maji yasiingie, akalishonea gunia juu yake, akalimwagia maji na kuliweka penye upepo. Safari hii hakuitafuta kengele asubuhi. Alingoja Alasiri, saa ya ngamia yenyewe, akamketisha mama yake karibu, wakaanza upya. Vifundo vilikuja pengine kabisa, mbali na alama zake za kalamu.

"Ndiyo sauti," Mama Osob alisema. "Lakini ngamia gani anatembea kama askari?"

Kweli, debe lilikuwa linapiga sawasawa bila kukosea, mguu mosi mguu pili.

"Guduudo alitembeaje, hooyo?"

Mama Osob aliweka kiganja pajani. Akapiga pigo refu, mafupi mawili, kimya kidogo, halafu refu tena. Guduudo alichechemea. Alivunjika mguu alipokuwa ndama, akapona vibaya. Habibo mwenyewe alikuwa amelisahau hilo, na kiganja cha mama yake kilikuwa kinalijua. Aliunga waya hapa, akakata pale, mpaka debe nalo likachechemea. Kisha akazima upesi, akamletea mama chai ili asahau alichosikia, jambo ambalo halikuchukua muda.

Kivuli cha ukuta kilipofika katikati ya ua, Mama Osob aliinuka. Akajitanda shuka. Akashika fimbo. Nguo zake zilikuwa tayari zimefungashwa kwenye begi karibu na mlango, na alipita kando ya begi lile bila kuliona. Geti Habibo aliliacha wazi. Akiwa nyuma ya banda, gunia likimchuruzikia maji miguuni, aliwasha.

Kodok. Kodok-kodok.

Mama Osob alisimama kwenye geti, mguu mmoja nje. Kengele ilichechemea kutoka chini ya miiba, mti mkavu, ndimi mbili zikigombana. Mabega yake yalishuka. Aligeuka, akarudi polepole mpaka mkekani, akaketi, akalaza fimbo chini kando yake.

"Alhamdulillahi," alisema. "Guduudo amewaleta."

Habibo alikaa chini palepale kwenye matope ya maji yake. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na nguvu ya lolote kati ya hayo hakuwa nayo. Kesho Yakub atakuja na gari lake na ataona mwenyewe. Aliegemeza kichwa kwenye bati akasikiliza.

"Hanad!"

Alifumbua macho.

"Hanad yuko wapi?" Mama Osob alikuwa anauliza ua mtupu. "Ngamia wamefika, mchungaji yuko wapi? Mbona simsikii akiwazuia ndama?"

Lo, Habibo alijiona mjinga. Kweli ngamia gani aliyewahi kurudi peke yake? Alikuwa amehangaika siku zote hizo kuirudisha kengele, hakufikiria hata mara moja kwamba nyuma ya kengele ile, kila jioni ya miaka yote ile, alikuja kijana mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Uzee ulikuwa umemwondoa Hanad kwa huruma, na yeye kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemwita.

"Hanad!" Mkono wa mzee ulikuwa unapapasa mkeka, unatafuta fimbo. "Mtoto ameachwa porini. Ngoja nikamtafute."

Kulikuwa na ukweli wa kumwambia, na Yakub angemwambia. Mama angeusikia leo kana kwamba ni mara ya kwanza, angelia kama alivyolia mwaka ule, na kesho angeuliza tena, na angeambiwa tena. Au Habibo angezima debe, na geti lilikuwa wazi.

Aliliacha debe lichechemee. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka ukuta, akapita kando ya spika iliyolia chini ya miiba. Aliingia kwa geti nyuma ya kengele, kama mtu anayewaswaga wanyama waliochoka. Mwanga ulikuwa umekwenda kiasi kwamba hata macho mazima yangeona umbo tu.

"Nimefika, hooyo," alisema kwa sauti ya chini.

Mkono uliacha fimbo.

"Umechelewa."

"Malisho yako mbali siku hizi."

"Wote wamefika?"

"Wote, mashallah."

"Njoo hapa." Habibo akaenda, akapiga magoti. Mama Osob alimshika uso, akapitisha vidole kwenye paji, kwenye mashavu yaliyolowa, na Habibo akangoja kujulikana. "Umekonda. Umechoka, mwanangu?"

Ilikuwa imepita miaka mingi bila mtu kumuuliza swali hilo, na alipolijibu lilitoka lenyewe, jambo la kweli pekee alilolisema jioni ile.

"Nimechoka, hooyo. Nimechoka sana."

"Basi lala. Nitawaangalia mimi." Akakivuta kichwa kile mpaka pajani mwake, akakifunika kwa ncha ya shuka. "Mwite Habibo akuletee maziwa."

"Mwache, hooyo. Naye amechoka."

"Habibo?" Mama Osob alicheka kidogo, kwa upendo. "Habibo hachoki yule."

Habibo alilala pale, macho wazi chini ya shuka, mkono wa mama yake ukimpapasa nywele. Getini kengele ya Guduudo ilichechemea. Ilikuwa imeanza kupanda kidogo, maana gunia lilikuwa linakauka. Itabidi ainuke akalimwagie maji, lakini si sasa hivi.